Somo Lililofundishwa Jana

Wanafunzi walimwita Mgongo, na hawakumwonea. Tangu aajiriwe kuwa mhadhiri msaidizi wa takwimu alikuwa akiuelekea ubao na kuuambia ubao yote aliyokuwa nayo, kwa sauti ndogo, kama anayemnong'oneza jamaa aliyelazwa. Chaki ilikimbia, vumbi likamkaa mabegani, na waliokuwa nyuma yake wakanakili. Hakuwa mvivu wala mjinga. Aliogopa nyuso. Namba zilikaa pale alipoziweka. Nyuso zilibadilika katikati ya sentensi, na kila ulipobadilika mmoja, yeye alipoteza neno.

Chuo kilikuwa kimeweka utaratibu mpya: hakuna mhadhiri msaidizi atakayeongezewa mkataba bila cheti cha ufundishaji. Semina alihudhuria zote, insha aliandika na zikapita. Kilichobaki ni kutazamwa akiwa darasani. Mara ya kwanza alianguka. Mkufunzi aliyekuja kumtazama alikuwa mama mtu mzima, aliyetembea na mto wake wa kukalia kwa sababu madawati ya mbao yalimuumiza kiuno. Baada ya kipindi alimwambia, bila ukali, "Mwanangu, mgongo wako sasa naujua vizuri. Siku nyingine nionyeshe na upande wa pili."

Nafasi ya pili ilikuwa ndiyo ya mwisho. Akianguka tena, mkataba ungeisha pamoja na muhula.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, akifanyia kazi sebuleni, na hofu ya mumewe aliiona ikizunguka nyumba nzima kama kuku aliyepotea njia. Jioni moja alisimamisha cherehani.

"Baba Pacha, hebu nifundishe mimi."

"Wewe utacheka."

"Nina pini mdomoni, nitachekaje?"

Akasimama mbele ya meza. Akaanza kueleza jinsi ya kuteua watu wachache ili kuwafahamu wengi. Sentensi ya tatu haijaisha, alikuwa amekwisha kuligeukia kabati.

"Kabati limeelewa?" mkewe akauliza. Watoto wao pacha, waliokuwa wakikata vitambaa vya mwanasesere sakafuni, walicheka hadi wakalala chali. Yeye naye akacheka.

Aliyempa dawa, kama ilikuwa dawa, ni mwenzake wa ofisini. Meza zao ziligusana, kwa hiyo waliitana Jirani. Huyo alikuwa amepata cheti muhula uliopita.

"Jirani, wewe unajitesa bure," alisema, akimenya chungwa juu ya karatasi za mitihani. "Somo lako wafundishe siku moja kabla. Lote, na maswali yake. Siku yenyewe mnacheza tu mchezo."

"Sheria inasema wanafunzi wawe hawajalisoma."

"Sheria inasema. Unadhani sisi wengine tulipitaje?"

Alikataa. Akakaa na kukataa kwake wiki nzima, akaona jinsi kulivyokuwa kukipungua uzito kila alipomwona mkewe akihesabu sare ngapi zingetosha kulisha nyumba. Siku moja kabla ya kutazamwa, akawaita wanafunzi wake wa mwaka wa pili katika chumba kilekile. Aliwaeleza waziwazi anachotaka na kwa nini. Walikubali haraka kuliko alivyotarajia, na wema wao ukamwumiza kuliko vile wangemcheka. Kijana mmoja mrefu, aliyeitwa Spika kwa kupenda kwake kusema, alijitolea kujibu swali gumu kuliko yote. Walirudia mara mbili. Mara ya pili aliweza kuwatazama, kwa kuwa sasa alijua kila uso utasema nini.

Asubuhi iliyofuata mkufunzi aliweka mto wake dawati la nyuma, akaketi, akafungua kalamu. Mgongo aliliweka andalio lake la somo mezani, akalinyoosha, akalinyoosha tena. Kisha akageuka akawatazama wanafunzi.

Mambo yalikwenda kama maji bombani. Akauliza, mikono ikapanda. Akamchagua huyu, akajibu sawasawa, yule, sawasawa. Mkufunzi aliandika, akaandika. Hofu haikuondoka lakini ilikaa pembeni, kama mgeni aliyekubali kusubiri.

Ndipo mlango ukafunguliwa akaingia Shangazi. Ndivyo darasa lilivyomwita, kwa kuwa aliwazidi wote umri. Alikuwa muuguzi aliyesoma kati ya zamu na zamu. Jana hakuwepo. Hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Aliketi mbele, akasikiliza kidogo, akanyoosha mkono. Katika andalio hapakuwa na mkono huo.

"Samahani, Mwalimu. Kwa nini tusiwaulize watu wote tu? Hao wachache wanawasemeaje wengine?"

Spika alisimama kabla hajaitwa. "Sampuli iliyoteuliwa bila upendeleo huwakilisha kundi zima kwa kiwango kinachoweza kukadiriwa."

"Hayo nimeyaona ubaoni, mdogo wangu. Mimi nauliza kwa nini."

Watu wakacheka kidogo. Mgongo alitaka kuendelea. Mstari uliofuata ulikuwa tayari ulimini. Lakini alimwona Shangazi akiiweka kalamu chini polepole, kama wanavyofanya watu wanaokubali kwamba jambo fulani si lao.

"Spika," alisema, "mweleze kwa maneno yako mwenyewe."

Spika akafungua mdomo. Akautazama ubao, akawatazama wenzake. "Mwalimu, si jana ulisema..."

Akanyamaza. Nyuma ya chumba kalamu nayo ikanyamaza.

Miguu ya Mgongo ilikuwa imeanza kumgeuza kuelekea ubaoni, na kwa mara ya kwanza aliihisi ikifanya hivyo. Akaizuia. Akawauliza wengine swali lilelile la Shangazi, mmoja baada ya mwingine, wale waliojibu vizuri asubuhi nzima. Hakuna aliyejua. Walikuwa wamempa maneno yake mwenyewe, mazima, kama walivyoyapokea, na hakuna aliyekuwa ameyafungua. Alielewa hapo kwamba hata bila mazoezi ya jana ndivyo ilivyokuwa siku zote. Tofauti ni kwamba leo alikuwa amewageukia.

Akalifunika andalio.

"Haya. Nataka kujua watu wa chumba hiki hutumia muda gani kufika chuoni. Sina nafasi ya kumuuliza kila mtu. Nimuulize nani?"

"Walio mbele," mtu akasema.

Akawauliza walio mbele. Karibu wote waliishi mabwenini. Walitembea hatua chache tu. Wa nyuma wakapiga kelele kwamba huo ni uongo, wao hupanda magari mawili. Mwingine akasema tuchague warefu. Mwingine akamwambia anasema hivyo kwa kuwa yeye mrefu. Mwishowe majina yakaandikwa kwenye vipande vya karatasi, yakatiwa katika mkoba wa Shangazi, yakatikiswa, yakachomolewa machache. Wastani wa dakika zao ukaandikwa. Yakarudishwa, yakachomolewa mengine. Majibu yalikaribiana, kisha likatoka moja la ovyo kabisa, waliochomolewa wote wakiwa watu wa bweni.

Mkono wake ulitaka kulifuta. Aliliacha.

"Hili nalo hutokea," alisema. "Ndiyo maana tunakadiria pia tunaweza kukosea kiasi gani."

"Aa," alisema Shangazi, akaokota kalamu.

Kipindi kiliisha pasipo muhtasari, pasipo kazi ya nyumbani, na nusu ya somo ikiwa haijaguswa.

Kwenye ujia wa nje mkufunzi alikuwa amekumbatia mto wake.

"Jana uliwafundisha hili."

Alikuwa na majibu kadhaa. Jirani alikuwa amempa mawili.

"Ndiyo, Mama."

"Mtoro wa jana ndiye aliyekuharibia."

"Ndiyo."

"Nikiandika nilichokiona mwanzoni, unaanguka kwa udanganyifu. Kile cha mwisho kilikuwa somo, lakini ni kipande tu. Siwezi kutoa cheti kwa kipande." Akaitazama saa yake. "Saa nne una darasa?"

"Mwaka wa kwanza. Chumba cha pili pale."

"Nao uliwafanyisha mazoezi?"

"Hapana."

"Unafundisha nini?"

Alilazimika kufikiri. Akili ilikuwa tupu kama sufuria iliyooshwa. "Bado... nitawauliza walikwama wapi wiki iliyopita."

"Basi twende. Hiki ndicho nitakachohesabu. Na ile ya jana itaandikwa pia, usidhani nimesahau."

Darasa la mwaka wa kwanza lilikuwa vibaya. Aliuliza, hawakujibu. Akasubiri, wakazidi kutojibu. Mara mbili aligeukia ubao na mara mbili akarudi. Mtu mmoja alipiga chafya na wote wakacheka, kwa nafuu tu. Kisha msichana wa dirishani akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hakuelewa hata wiki ya kwanza, na wengine wakaguna, naam, hata sisi, na kazi ikaanza kutoka hapo, taratibu, bila uzuri wowote.

Mwishoni mkufunzi alipita karibu naye mlangoni. "Umepita," alisema. "Kwa onyo la maandishi, na kwa shida."

Aliondoka kabla hajashukuriwa. Mgongo alibaki ameshika fremu ya mlango. Habari njema ilikuwa imemfikia masikioni. Mwilini ilikuwa bado haijafika.

Nyumbani mkewe alimtazama akivua viatu.

"Wamekunyima?"

"Nimepita."

"Sasa mbona uso kama wa mtu aliyetoka kuzika?"

"Kesho nina kipindi."

"Anakuja tena yule mama?"

"Haji." Akaketi ukingoni mwa kochi, katikati ya vipande vya sare. "Wanakuja wale wa mwaka wa pili. Wananisubiri niwafundishe somo la jana, safari hii kweli."