Ndara za Chooni Mbele ya Buddha

Bi Sumie alikuwa mzaliwa wa Nishijin, mtaa wa wafumaji wa Kyoto, na mikanda ya kimono, vazi la heshima la Kijapani, aliifuma mpaka vidole vikajikunja vyenyewe. Mume alikwisha kufa. Alibaki na binti mmoja tu, Chizuru. Siku hiyo alikuwa akimtembeza Bi Masayo wa Osaka, mama wa kijana aliyemposa Chizuru. Kijana alikuwa tayari zamani. Mama yake ndiye aliyekuwa bado hajatoa neno la kukubali. Basi, ndugu zangu, Bi Sumie alivaa kimono chake bora, na kila neno akalichambua kabla ya kulitoa, kama mchele wenye mawe.

Asubuhi walizunguka kasri la wafalme wa kale.

"Dada we, jumba lote hili halina hata kibanda cha chai!" Bi Masayo akapaza sauti. "Huyo mfalme alikuwa anatafuna kokoto?"

"Watu wa Osaka mna uchangamfu popote mlipo," akajibu Bi Sumie kwa tabasamu. Kwa Kyoto, hilo ni tusi lililopigwa pasi.

Mchana wakaingia hekaluni, viatu wakaviacha mlangoni. Bi Sumie akaomba udhuru aende chooni. Choo kina ndara zake: unazivalia humo, unaziacha humo. Hata mtoto anayejifunza kutembea anajua. Lakini Bi Sumie alitoka mbio, akihofu mgeni wake asije akamtania mtawa.

Alipokunja magoti akae ukumbini, ndipo akaziona. Ndara za plastiki, zimeandikwa "choo", miguuni mwake, juu ya mikeka mitakatifu. Akazivua upesi, akazisukuma nyuma yake.

Mtawa mzee akageuka. "Samahani, hizi ni za nani?"

Bi Sumie akainamisha kichwa, akijifanya anapanga pindo la kimono.

"Zangu, mheshimiwa," akadakia Bi Masayo, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Sisi wa Osaka ndivyo tulivyo."

Mtawa akaziokota kwa ncha za vidole. Hapo Bi Sumie angenyamaza tu, heshima yake ingesalimika. Lakini akamwona mwenzake amelala kifudifudi kwa uchafu usio wake.

"Si yeye," akasema. "Ni mimi niliyezivaa."

"Lo, mkwe! Umenifanya mwongo mbele ya Buddha!" Kicheko cha Bi Masayo kikajaa ukumbi.

"Umeniita nani?"

"Mkwe. Tangu asubuhi najiuliza, mwanangu ataishi vipi na watu wasiokosea?"

Hivyo ndivyo Chizuru alivyopata mume. Lakini mama yake hakucheka. Aliomba ndoo na kitambaa, akafuta mkeka taratibu, kimono kikilowa magotini na masikio yakiwaka moto. Bi Masayo alipochutama amsaidie, Bi Sumie alimsihi jambo moja tu: asimtazame usoni.