Mshahara wangu wa kwanza wa utrena: Bwana alihesabu miguu

Wakuu wa bweni, salamu. Karatasi hii nimeibandika nyuma ya mlango ili mwalimu wa zamu asiione, kwa hivyo someni mkiwa mmeufunga. Ni ukweli mtupu. Nikidanganya, nyama yangu ya Jumapili gawaneni.

Likizo nilikuwa kwa mjomba, kule Sugoi. Mjomba ni nyapara kwenye shamba la ngano la mzungu mmoja. Huyo Bwana alitaka wakimbiaji wake wawili, Kiprono na Wekesa, washinde spoti ya mashamba pale Eldoret. Mjomba akamwambia mimi nimesomea bandeji kwenye skauti.

(Nilikuwa nimefunga mara moja tu. Mguu wa meza.)

Basi nikawa trena. Kukanda misuli, kubeba maji, kusema pole.

Shida ikawa mshahara. Saisi, yule mtunza farasi, anajulikana anaanzia ngapi. Trena wa watu, hakuna aliyewahi kumwona. Bwana akawaza, akasema nitapata nusu ya saisi mpya.

Nikauliza kwa heshima, kwa nini nusu.

"Farasi iko na miguu nne. Mutu iko na mbili tu."

Wakuu, hesabu za mission zina kazi. Nikamkumbusha watu ni wawili, kwa hivyo miguu ni minne. Mjomba akakohoa. Bwana akakubali mshahara mzima, mradi miguu yote minne ikimbie.

Kwa mawazo nikaanza kuvaa suruali ndefu ya kununua kwa mshahara huo.

Asubuhi ya spoti, Wekesa akakanyaga shimo la fuko. Kifundo kikavimba kama andazi. Yeye mwenyewe akanibembeleza.

"Funga ukaze, kijana. Nitakimbia. Nusu ya pesa yako si iko kwa huu mguu?"

Nikaufinya kidogo tu, akauma kola ya shati. Hapo suruali yangu ikawa kaptula. Nikaenda kumwambia Bwana kwamba Wekesa hakimbii.

Kiprono alishika namba mbili. Mimi nikalipwa miguu miwili. Kurudi nyumbani, Wekesa alikaa juu ya gari la ng'ombe akinitania njia nzima, eti trena gani anashindwa na fuko. Lakini baada ya siku chache alikuwa nyuma ya plau, hachechemei.

Aliyechechemea sasa ni farasi wa Bwana, na saisi ameenda kwao Cheptiret. Bwana akaja mwenyewe hadi mlangoni kwa mjomba.

"Wewe naweza funga mguu ya farasi? Moja tu nauma."

"Naweza, Bwana," nikasema. "Lakini huyu iko na nne."

Mjomba akatoka nje kukohoa. Bwana aliniangalia mpaka nikaanza kukumbuka njia ya kurudi shule. Halafu akaingiza mkono mfukoni.

Funzo, wakuu: kabla ya kushika kazi, uliza wanahesabu nini. Na mguu wa mtu usiufunge kwa tamaa ya suruali. Suruali itakuja na farasi.

Ndiyo hii mnayoazima kila Jumapili bila kufua.

Mwenye neno aandike hapa chini. Penseli nimeifunga kwa kamba, maana nawajua.