Goti la Mama na Mashine ya Sokoni

Sijaona mtu mwenye kinyaa kama mama yangu. Kikombe alichonywea mgeni hukisugua kwa majivu hata kama kimeshaoshwa. Ndiyo maana mpaka leo sielewi kilichompata siku ile Tarime mjini.

Goti lilikuwa limemtesa tangu mavuno. Jirani yetu huko Kemambo akatuelekeza kwa mtu mwenye mashine ya umeme ya kutibu maumivu, katika chumba cha nyuma ya maduka ya sokoni. Tulimkuta akimaliza na mchimba dhahabu, kiuno bado kina tope la shimoni. Alimbandua vibandiko vya nyaya mgongoni. Vikatoka na vinyweleo na weusi wa jasho.

"Shikamoo mama. Panda kitandani," akasema, akipangusa shuka kwa kiganja.

Vibandiko vilevile vikakataa kushika gotini kwa mama. Akavitemea mate, kimoja kisha kingine, akayasambaza kwa kidole gumba.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Gundi imeisha, dada. Mate nayo yanapitisha umeme vizuri tu."

Nikamtazama mama, nikijua atashuka. Akafumba macho. "Mwache afanye kazi yake," akaniambia. Maumivu yalikuwa yamemfikisha hapo.

Mguu ukaanza kurukaruka. Yule bwana akaongeza umeme hadi mama akapiga kelele, naye akacheka: "Dawa inaingia hiyo!" Nikavibandua mwenyewe. Gotini palibaki wekundu, na juu yake kinyweleo cha yule mchimbaji. Nilitoka nikatapika mtaroni, waendesha bodaboda wakinitazama.

Wiki iliyofuata nilimpeleka hospitali. Dada wa mazoezi ya viungo alilipapasa goti kwanza, akamuuliza kama anahisi akiguswa, akaisafisha ngozi. Kisha akafungua vibandiko vipya na kuandika jina la mama kwenye pakiti yake.

"Umeme huu unatuliza maumivu tu, mama. Kitakachokusaidia ni mazoezi."

Mama aliyafanya kwa kununa, amekaa kwenye kiti, akiinua mguu na kuushusha. Sasa anakwenda shambani mwenyewe.

Lakini wageni wakija, anayesifiwa ni yule wa sokoni. "Yule ana mkono," husema. "Umeme wake uliingia mpaka mfupani."

Mimi huinuka nikaenda jikoni. Nikibaki, nitawaambia wageni alichopakwa.