Watu wa Kujaza Ramani

Kabla sijaolewa nilifundisha upigaji chapa katika chuo kidogo cha kompyuta mjini Voi, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Aliyefundisha kompyuta zenyewe alikuwa bwana mmoja mzaliwa wa Voi, wa familia ya Kiislamu yenye asili ya Pwani. Kiswahili chake kilinyooka hata mimi mtu wa milimani nikawa napima maneno mbele yake.

Bwana huyu alikuwa na gemu ya vita vya wafalme wa Ulaya. Alifungua faili zake akabadilisha kila kitu, mpaka ramani ikawa ya kwetu, kutoka Mombasa hadi Kilimanjaro, enzi za misafara ya pembe za ndovu. Kazi hiyo ilimchukua mwaka mzima na, kusema kweli, ilipendeza.

Jumamosi moja, wanafunzi walipotoka saa sita, akaniita.

"Njoo ucheze, mwalimu. Chagua upande wako."

Nikatazama orodha. Zanzibar ilikuwa na merikebu na mizinga. Wachaga walikuwa na ngome, Wamaasai na mifugo isiyohesabika. Chini kabisa walikuwa Wadawida, yaani Wataita, watu wangu, wakiwa na vijiji viwili na wapiga mishale kumi na wawili.

"Nachukua hawa."

Akacheka. "Hao waache. Nimewaweka kujaza ramani tu."

Kujaza ramani! Wakati ule bibi yangu alikuwa Wundanyi, huko milimani kwetu, analima shamba lililosimama wima kama ukuta, na huyu ananiambia sisi ni wa kujaza ramani. Masikio yaliniwaka moto. Nikavuta kiti.

Raundi ya tatu msafara ukapita, na kijiji changu cha kwanza kikasalimu amri kabla sijabonyeza chochote.

"Mbona wamejisalimisha wenyewe?"

"Wakiona bunduki wanajisalimisha. Nimewapa ujasiri wa moja. Wa juu kabisa ni kumi."

"Na nani aliyewapima?"

"Dada, huu ni mchezo."

"Msafara wa watu mia tano ulikuwa unakula nini ukitoka Pwani?" nikamuuliza. "Unakunywa maji ya nani? Bibi yangu anasema walikuja kwetu kuomba chakula na maji. Kuomba!"

"Hayo ni ya wazee," alisema, akaenda zake kuswali.

Nikarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Nilishindwa mara sita. Kila niliposhindwa alikuwa na neno lake la kunipoza, na kila neno lilinichoma zaidi. Mwishowe nikaacha kabisa kuunda askari. Askari wa ujasiri wa moja wa nini? Nikalima. Nikashika chemchemi ya Ndara, mlima wetu wa karibu na Voi, nikauzia kila msafara mahindi na maji. Adui akija na mizinga, nilihamisha watu juu milimani, ambako mizinga haikupanda, mpaka njaa imrudishe alikotoka. Kijiji cha chini nilikipoteza nikakipata, nikakipoteza tena. Zanzibar iliwameza Wachaga. Wamaasai wakamalizwa na ugonjwa wa ng'ombe. Mimi nikazidi kulima.

Jumamosi ya nne nilifika raundi ya mwisho nikiwa na kijiji kimoja, kimejaa watu na ghala limejaa chakula. Nikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, yakatokea maandishi: UMESHINDWA.

Nikamwita kwa sauti iliyomtoa chumba cha pili mbio.

"Tazama. Raundi zimeisha na bado tupo. Hakuna aliyetutoa."

"Lakini imeandika umeshindwa."

"Nani ameandika?"

Akavua miwani akaipangusa, akaivaa tena. "Mimi. Sikuwaandikia njia ya kushinda. Sikudhani kuna mtu atawafikisha mwisho."

"Basi kaa hapo uandike."

Akakaa. Akafungua faili, akaandika kwamba milima ikiwa bado na watu wake mwishoni, wameshinda. Akageuka kuniuliza kama nimeridhika. Nikamwambia sijaridhika, nikachukua mkoba wangu nikateremka ngazi.

Jumatatu asubuhi alinisubiri mlangoni. Alikuwa amemweleza bibi yake habari yote, akitarajia wacheke pamoja. Bibi hakucheka. Alimwambia kwamba babu mzaa babu yake alifika bara na msafara, akaachwa njiani akiwa hoi, na waliomlisha mpaka akasimama ni watu wa Ndara. Bila hao, bibi alisema, wewe usingekuwepo wa kuchezea mashine.

"Kwa hiyo ulisema kweli," akaniambia kwa upole, kama mtu anayenipa zawadi.

Nilimpita nikaingia darasani. Wiki zote zile nilimwambia jambo lile lile kwa kinywa changu, na kwake likawa la wazee. Likawa kweli aliposikia kwa mtu wa kwao.