Huruma kwa Kalamu Nyekundu

Walimu wenzake walimwita Semina, na jina likamganda kama kupe. Miaka kumi na tisa ya chaki, vyeti kumi na vinne ukutani, na hakumjua mwanafunzi hata mmoja kwa jina. Aliwaita kwa mahali walipokaa: "Wewe wa dirishani! Wewe wa nyuma ya nguzo!" Mkewe alishamwambia, "Baba watoto, laiti ungetupenda kama unavyopenda vyeti!" Akacheka, akidhani anasifiwa.

Mwaka huo alitoka kwenye mafunzo ya huruma darasani. Walifundishwa hivi: mpe mtoto karatasi aandike linalomsumbua, isome, kisha mwite kando mzungumze. Semina alishika la karatasi tu. Mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile. Akili yake yote ilikuwa kwa mkaguzi atakayekuja kumtathmini: akimridhisha, anateuliwa mkufunzi wa huruma wa wilaya nzima, na chaki anaiaga.

Siku ikafika. Mkaguzi, mama wa makamo, akaketi nyuma ya darasa. Semina akajitia uchungu wa mzazi. "Mtoto ni yai!" alinguruma. "Mwalimu ni... Wewe wa nyuma ya nguzo! Unasinzia mbele ya mgeni?"

Mkaguzi akamnyamazisha kwa mkono, akamwinamia msichana. "Hukulala, mwanangu?"

"Kidogo tu. Mama amelazwa, wiki ya tatu sasa. Naamka alfajiri kuwapikia wadogo zangu."

"Mwalimu wako anajua?"

"Nilimwandikia."

Akachomoa karatasi kwenye daftari. Yote yalikuwamo: wodi, wadogo, hofu kwamba mama hatarudi. Chini yake, kwa wino mwekundu: *Mwandiko mbaya. Hukuacha pambizo. 4/10.*

Mkaguzi aliisoma mara mbili.

"Mwalimu, hii uliisoma?"

Semina akaweka tai yake sawa, uso wa mtu aliyeonewa. "Jamani, mama, nisiisome vipi? Si nimeisahihisha?"

Mkaguzi alilifunga faili la tathmini bila kuandika neno, akamshika msichana mkono, wakatoka nje kuzungumza.

Semina akawasindikiza kwa macho hadi mlangoni. Kisha akawageukia waliobaki, watoto arobaini na wawili wenye majina yao.

"Mmeona? Mmeninyima cheo!" akafoka. "Haya, toeni madaftari."