Sikukaa Eda ya Bundi

Tangu utoto wangu, jicho langu halikupata adabu mbele ya ndege. Tukienda kutanda uduvi kwa nguo penye mikoko ya Kaole, wenzangu hujaza vikapu vyao, mimi nimesimama majini na kaniki yangu nawatazama heroe, wale wekundu wa miguu mirefu, ambao hawaji ila mara mojamoja. Uduvi wote unanipita miguuni. "Haya, leo utatia heroe chunguni!" wananipigia kelele. Nacheka tu.

Lakini aliyenipata kweli alikuwa bundi. Uani kwetu Bagamoyo palikuwa na mnazi uliokufa, kichwa kimekatika, shina limebaki tundu. Mwaka ule mume wangu alikuwa amejitwika mizigo ya watu kwenda bara, akaniacha na mama yake, mavyaa wangu. Wapagazi aliotoka nao wakarudi, yeye hakuonekana. Mmoja alisema alimwacha njiani ana homa. Zaidi ya hapo hakujua. Ndipo bundi akahamia mnazini.

Kwetu sisi watu wa pwani, bundi ni uchuro. Akilia karibu na nyumba, husemwa mtu atakufa, na watu humtupia kijinga cha moto au hutia chumvi jikoni apate kuondoka. Mavyaa alitia chumvi motoni mpaka tukawa tunakula mchuzi chapwa. Bundi hakuondoka. Akataga.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kumtazama. Tukiisha kusali magharibi, anatokeza juu ya shina, uso mweupe wa mviringo kama sahani, anageuza kichwa mpaka nashangaa shingo haikatiki. Kisha anajiachia. Anapita juu ya utosi wako, husikii hata upepo. Akirudi ana panya, na ndani ya tundu makinda wanakoroma kama chungu cha wali kinachokaukia maji. Nilipenda, wallahi! Mchana kutwa nilikuwa nikiangalia njia ya bara kwa ajili ya mume wangu, lakini yule ndege akitokeza, macho yanahamia mnazini. Kama nimeshika upawa, nausahau mkononi.

Majirani walinisema sana. "Anamchekea anayemuua mumewe!" Mwisho mavyaa naye akakata shauri.

"Mwanangu, ndege huyu hakai bure. Mumeo amekufa. Ijumaa utaingia eda."

Akanikunjia nguo za eda, akaziweka kitandani. Nikikaa eda ndiyo nimekubali. Watu wataomboleza, na eda ikiisha watakuja wa kuniposa. Nikazichukua zile nguo, nikamrudishia mikononi.

"Siingii, mama. Mpaka aje mwenye miguu miwili aniambie kuwa amemzika."

"Bundi naye ana miguu miwili."

"Basi na aseme amemzika wapi!"

Alinitazama kwa hasira, halafu akaangua kilio, nami nikalia, tukashikana pale pale. Ijumaa ikapita sikuingia eda. Jioni yake nikatandika jamvi uani kama kawaida, mara namwona mavyaa anakuja kuketi nyuma yangu na ungo. Ati anachambua mchele. Giza lile, mchele gani?

Makinda walikuwa wamekwisha ota manyoya tuliposikia bunduki za msafara unaoingia mji. Mume wangu alikuja na watu asiowajua, mifupa na ngozi, miguu imejaa vidonda, lakini hai. Mavyaa alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Nilimpikia, nikamkanda kwa maji ya moto, na kila nikipita karibu naye namshika bega nipate kuamini.

Jioni tukaketi jamvini, sote watatu. Bundi akatokeza. Mume wangu, aliyelala maporini simba wakinguruma, akaruka na kunyakua mchi wa kinu.

"Toba! Uchuro uani kwangu? Na nyinyi mnaangalia tu?"

Nikasimama mbele ya mnazi. "Bwana, mchi huo utanipiga mimi kwanza. Ulipokuwa hupo, kila aliyeingia hapa aliniambia umekufa. Huyu peke yake alikuwa akija asiseme neno."

Akanitazama, akamtazama mama yake. Mavyaa kainamia ungo wake. Juu makinda wakatoa vichwa shinani, wakawa wananesanesa huku na huku, na mama yao akajiachia juu yetu kimya. Mchi ukashuka polepole mpaka chini. Mume wangu akaketi, shingo kaiinua, kinywa wazi.

"Mke wangu," akasema, "sogea upande, unanizibia."