Aïcha Feruzi na zulia la chini kabisa

Ukungu wa mto Lualaba haujainuka bado, lakini Aïcha Feruzi tayari anatokwa jasho. Zulia limelazwa juu ya gogo, uso chini, naye analipiga mgongoni kwa fimbo ya mwanzi. Kila pigo linafukuza wingu la vumbi. Kitambaa kimemfunika pua na mdomo. Macho tu ndiyo yanayoonekana, nayo ni mekundu.

"Polepole, mama," anasema mzee aliyekaa juu ya jiwe pembeni. "Unaipiga kama mwizi."

"Baba Masudi, tapi haina roho," anajibu Aïcha, akiligusa zulia kwa kiganja.

"Za wengine njo hazina. Hii iko na roho."

Aïcha anashusha fimbo. Wafua mazulia wa Kindu, mji wa mashariki mwa Kongo, si wengi, na yeye ameifanya kazi hii tangu vita vilipokwisha, lakini anasema hajawahi kufua zulia lenye mwenyewe aliyeketi hapo hapo, akihesabu uchungu wa kila fimbo. Hilo ndilo lilikuwa sharti. Mzee Masudi, mtunzaji wa msikiti mdogo wa mtaani kwao Mikelenge, alikubali zulia litolewe ndani kwa neno moja tu: lisiguswe yeye akiwa hayupo.

Lilikuwa limelala chini ya mengine matatu kwa zaidi ya miaka ishirini.

Aïcha ana umri wa miaka arobaini na minane. Ni mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ya kukwaruza. Anaishi kwa mazulia ya watu: ya sebule za wafanyabiashara, ya ofisi, ya makanisa. Kwa zulia la sebuleni hulipwa faranga elfu kumi na tano, na likiwa kubwa huongezewa kidogo. Hutumia sabuni ya mawese inayochemshwa mjini na brashi ya njukuti za michikichi. Hupiga kwanza, hufua baadaye. Kisha huanika pande zote mbili, na kabla ya kulirudisha huliinamia na kulinusa.

"Tapi yenye maji ndani ni mbaya kuliko tapi chafu," anasema. "Chafu inakupa mavumbi. Ya maji inakupa ugonjwa."

Nyumbani kwake hakuna zulia hata moja. Sakafu ni ya saruji, naye huipangusa kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu ya mjukuu wake, Zaituni. Mtoto huyo wa miaka tisa ana pumu. Kifua kikimbana, pumzi yake hupiga mluzi, na mabega humpanda hadi masikioni. Daktari aliwaambia waondoe vumbi na moshi mahali mtoto anapokaa. Aïcha aliviondoa vyote. Alihamishia jiko nje, akafukuza kuku, akachoma godoro la zamani. Bado mtoto akawa anabanwa.

Ilimchukua muda kugundua kwamba Zaituni hubanwa siku za chuo.

Watoto wa mtaa husoma Kurani katika chumba cha wanawake, nyuma ya msikiti. Ni chumba kizuri, chenye kuta nene. Lakini ukiingia, harufu inakupokea kabla ya watu: harufu ya unyevu na nguo ya zamani. Madirisha yake matatu yalizibwa kwa matofali miaka ya vita, risasi zilipokuwa zikipita juu ya mapaa. Vita vikaisha, matofali yakabaki. Watu walishayazoea, wakasahau kwamba ukuta ule uliwahi kuwa na macho.

Na chini, zulia juu ya zulia. Kwa desturi ya msikiti ule, mtu akifariki, jamaa zake wakiweza hutoa zulia kwa jina lake. Hakuna aliyethubutu kuondoa sadaka ya marehemu ili kutandika ya mwingine. Kwa hiyo jipya liliwekwa juu ya kuukuu, kila mara, na miguu ikawa inazama kama kwenye tope. Harufu ilipozidi, walichoma ubani. Watoto walipokohoa, walichoma zaidi, na mlango wakaufunga ili ubani usipotee bure.

Aïcha alipokwenda kwa mwalimu wa chuo, Mwalimu Soudi, alichekwa kwanza.

"Mama Aïcha, kazi imekosa mjini, sasa unatutafuta siye?"

"Mwalimu, nusa tu."

"Ile harufu njo ya wazee wetu."

"Wazee wetu hawakunuka uvundo."

Mwalimu alicheka tena, safari hii kwa aibu. Mwenyewe alikuwa akikohoa tangu masika, akidhani ni sauti inachoka kwa kufundisha. Akasema kwa upande wake hana neno: zulia la wakfu kufuliwa si kuondolewa. Lakini Zaituni asiingie ndani kwanza, asome akiwa barazani. Na habari ya zulia la chini, aulizwe Baba Masudi.

Baba Masudi alikataa. Alikataa leo, akakataa wiki iliyofuata, na mara ya tatu hakumkaribisha hata kukaa.

Lile la chini kabisa halikuwa sadaka ya kifo. Lilikuwa zulia la mke wake, Mwamini, alilokuja nalo alipoolewa. Mwaka 2002, mji ulipozingirwa, treni zikawa haziji, chumvi ikawa kama dhahabu na mashamba hayafikiki, watu walikimbilia msikitini. Sakafu ilikuwa baridi. Mwamini akatoka nyumbani na zulia lake kichwani, akalitandika ili wenye watoto wadogo walale. Homa ilimkuta humo humo, akiwahudumia wengine. Dawa haikuwepo. Alifia juu yake.

"Nilimuondoa yeye," anasema mzee Masudi, akitazama mto. "Tapi yake niliiacha. Nilisema, walau kitu kimoja kikae pale alipokaa."

Miongoni mwa waliolala juu ya zulia lile alikuwepo mama kijana aliyetoka njia ya Kibombo, bintiye wa miaka sita mkononi, mume hajulikani alipo. Mama huyo alikuwa Aïcha. Binti huyo ndiye aliyekuja kuwa mama yake Zaituni.

"Sikuwa ninadharau," anasema Aïcha. "Mama Mwamini alinifunika kwa kanga yake mwenyewe. Ningedharau vipi?"

Ndiyo maana alirudi mara ya nne. Siku hiyo mvua ilikuwa imeingia hadi barazani, na Zaituni, badala ya kukimbilia nyumbani, alikimbilia ndani kwa wenzake. Kabla sura haijaisha alikuwa ameshabebwa nje, midomo imebadilika rangi. Aïcha alimweka mapajani, mlangoni kwa Baba Masudi, hadi dawa ya kuvuta ilipomtuliza. Hakubisha hodi. Mzee ndiye aliyesikia ule mluzi, akatoka.

"Mutoto iko na nini?"

"Anatafuta pumzi, Baba."

Mzee akamwinamia mtoto. Aïcha akaendelea, kwa sauti ya chini. "Mama Mwamini amepumzika. Alitandika ile tapi watoto walale. Angejua leo inawabana, angeikunja yeye mwenyewe."

Baba Masudi aliingia ndani, akafunga mlango. Asubuhi akapeleka ujumbe: atakuwepo, na atakaa karibu.

Na sasa yupo, juu ya jiwe. Vumbi limepungua. Aïcha anaweka fimbo, anashusha zulia mtoni kwenye mwamba wenye maji ya goti, analimwagia sabuni. Maji yanageuka kahawia, kisha meusi. Anapitisha brashi mara moja, taratibu, kama anayemwogesha mgonjwa. Anapoligeuza, katikati yake inamegeka mikononi. Nyuzi zimeoza. Zulia linaachana kama chikwangue, mkate wa muhogo, iliyolowa maji.

Aïcha anabaki ameinama, vipande viwili mkononi, bila kuthubutu kuinua uso.

"Baba..."

Mzee anashuka kwenye jiwe. Anaingia majini na viatu vyake, anashika kipande kimoja, anakipapasa kwa kidole gumba. Wafuaji wa nguo wa upande wa chini wamesimama kutazama.

"Basi, mama," anasema hatimaye. "Amebeba watu wengi. Amechoka."

Vipande havikutupwa. Walivikamua pamoja, na alasiri vikazikwa nyuma ya msikiti, mahali pasipokanyagwa. Mazulia mengine matatu yalifuliwa wiki hiyo, yakakaa juani hadi pua ya Aïcha iliporidhika. Jamaa za marehemu waliulizwa mmoja mmoja, na wote wakakubali yatandikwe katika ukumbi mkubwa, ambao una hewa. Chumba cha wanawake kikabaki sakafu tupu, iliyosuguliwa.

Tofali la kwanza alilitoa Baba Masudi mwenyewe, kwa patasi na nyundo. Hakuomba msaada, wala hakuna aliyejaribu kumpa. Ndani, Mwalimu Soudi alikuwa amekaa gizani, mwanga ulipompiga usoni alikohoa, akacheka, akasema, "Kumbe ukuta ni mchafu hivi!"

Dirisha moja limefunguka. Mawili yanasubiri mbao, maana bila milango yake mvua itaingia. Fundi seremala anayeitwa Elie ameahidi kuyamaliza kabla ya masika. Kwa sakafu, Aïcha anasuka mikeka pamoja na wanawake wa mtaa. Mkeka, anasema, mtu mmoja anaubeba, na kila Ijumaa utakwenda juani.

Pumu ya Zaituni haijapona, na Aïcha hadanganyi mtu kuhusu hilo. Usiku wa baridi mluzi hurudi. Lakini sasa anasoma ndani, chini ya dirisha lililo wazi, na nyanya yake hupita nje siku za chuo akijifanya ana safari ya sokoni.

"Ninasimama kidogo tu," anasema. "Maneno ya Kurani mwalimu atayasikiliza. Mimi ninasikiliza anavyovuta pumzi katikati ya aya na aya. Nataka siku moja nipite pale, nisisikie kitu ila aya tu."